Anafaa kwa Kazi Zote

Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne, na katika hiyo minne, miwili ilikuwa salamu. Chuma aliileta mwenyewe mpaka ofisini kwa mdogo wake, saa nne asubuhi, ameikunja vizuri na kuitia kwenye mfuko wa nailoni isilowe, maana kwa kazi yake kila alichokishika kililowa. Alikuwa dobi wa hospitali kubwa, mwaka wa kumi na moja sasa. Alisimama mbele ya meza, hakukaa, akausukuma mfuko kwa kidole.

"Nisomee, Kitinda," alisema. "Nimewaambia Kizungu sijui, wakaniambia nitafute mtu. Utadhani mimi ndiye niliyewaandikia."

Huyo mdogo mtu alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mvi zimeshaanza, miwani puani, na kwao bado aliitwa Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Kazi yake ilikuwa kutunga kamusi. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madroo ya mbao ukutani, na ndani ya madroo kadi, maelfu ya kadi, kila neno la Kiingereza na kadi yake: maana, asili, matumizi. Kwenye matumizi hawakuruhusiwa kubuni. Mhariri wao, mzee mmoja waliyembandika jina la Nukta kwa jinsi alivyogombana na watu kwa ajili ya nukta, hakuwa na mzaha kwenye hilo. Sentensi ya mfano lazima iwe imeandikwa na mtu kweli, mahali kweli, na mahali penyewe pakatajwa kwenye kadi.

Kitinda akaisoma barua. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaisoma tena.

"Wamekubali?" Chuma aliuliza.

Alichokiomba wala hakikuwa kikubwa. Aliomba atolewe chumba cha kufulia, kwenye maji na mabeseni, apelekwe chumba cha kukunja shuka, ambako watu husimama mezani na kushika vitu vikavu. Mgongo ulikuwa umemgomea. Mwezi uliopita alilala sakafuni kwake mchana kutwa, shavu kwenye saruji, kwa sababu kitandani hakufika. Kesho yake akaenda kazini kama kawaida. Daktari mmoja wa nje, aliyempima kweli, alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba akiendelea kubeba, mwaka huu hautaisha miguu yake haijakufa ganzi, na hapo atakuwa mtu wa kusukumwa kwenye kiti.

"Wamekataa," Kitinda alisema.

"Wanasemaje?"

"Daktari wa wafanyakazi ameandika neno moja. 'Sturdy.' Halafu akaongeza, anafaa kwa kazi zote."

"Hilo la kwanza ndiyo nini?"

"Imara. Mtu madhubuti, aliyeshiba mwili, hatikisiki."

Chuma akalifikiria. Halafu akatabasamu. Jamani, akatabasamu kama mtu aliyesifiwa mbele za watu! "Basi hawajasema uongo," alisema, akakunja barua yake, akarudi zake kwenye mabeseni kwa kuwa ruhusa aliyopewa ilikuwa ya nusu saa tu.

Tabasamu lile lilimkata Kitinda maini. Dada yake angelia, au angetukana, yeye angejua la kufanya. Lakini mtu anaambiwa kwa muhuri wa hospitali kwamba afe taratibu, naye anashukuru! Alibaki ameikodolea macho droo ya herufi S, na hasira ikaanza kumpanda toka miguuni.

Ujue kwanza hilo jina la Chuma lilitoka wapi. Mama yao alifariki Chuma akiwa na miaka kumi na tano, mwenyewe bado mtoto, akaachiwa wadogo watatu. Akawalea. Hakuna aliyekaa kikao na kumwuliza kama ataweza, walimwangalia tu, naye akainuka. Tangu siku hiyo kazi ya familia ikawa na mwenyewe. Kabati linahamishwa? Mwite Chuma. Mgonjwa anataka kugeuzwa kitandani? Mwite Chuma. Kaka yao wa pili alipohamia nyumba mpya mwaka juzi, mwanamume mzima mwenye kifua, alimpigia simu dada yake wa miaka hamsini na kitu aje kubeba friji, na yeye akasimama pembeni ameshika mlango. Ati mlango usijifunge! Watu wakacheka, wakasema Chuma hachoki, na Kitinda naye alikuwepo, akacheka na wenzake. Hilo lilimrudia sasa na kumchoma.

Akaivuta kadi. Ilikuwa imeandikwa miaka mingi nyuma na mtu aliyekwisha kustaafu, na mwenzetu huyo hakujichosha: imara, thabiti, madhubuti, basi. Sehemu ya asili ilikuwa tupu, na sehemu ya matumizi ilikuwa na sentensi moja kuhusu meza. Kitinda akaenda kwenye vitabu vinene vya nyuma, vile vinavyokupigisha chafya kabla ya kufunguliwa, akakaa navyo mpaka saa ya chakula ikapita.

Aliyoyakuta yalimtoa jasho. Neno lile, lilipozaliwa, halikuwa na uhusiano wowote na uimara. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa wa zamani, na kwa Wafaransa lilikuwa la mtu aliyepigwa akapumbaa, aliyezubaishwa na pigo, ambaye bado amesimama lakini hajui yuko wapi. Wako wanaodai kwamba nyuma zaidi limetoka kwenye jina la ndege, ndege anayekula zabibu zilizochacha akalewa akayumba, ingawa wengine wanabisha. Na wafugaji wa kule walilitumia kwa kondoo mwenye mdudu kichwani, anayezunguka mahali pamoja siku nzima mpaka anakufa. Lilipoingia kwenye Kiingereza likawa la mtu mkali, asiyeshikika, kisha mkaidi, na ndipo taratibu likatulia likawa sifa: mtu aliyeshiba, kiti kisichovunjika.

Na katikati hapo kulikuwa na sheria. Zamani zile, kule kwao, ombaomba mwenye mwili ulioonekana mzima aliitwa kwa neno hilihili, na aliyeitwa hivyo hakupewa kitu. Alichapwa viboko hadharani. Ukionekana umesimama, basi huna shida, na usipokuwa na shida huna haki ya kuomba. Kitinda alisoma mstari huo akapiga meza kwa kiganja mpaka kalamu zikaruka.

"Kuna nini huko?" Nukta aliuliza kutoka mezani kwake.

"Kuna washenzi, mzee!"

"Waandike. Lakini kwanza tafuta mfano wa matumizi, huo wa meza umechakaa."

"Mfano ninao," Kitinda alisema. "Wa jana, na una muhuri." Akatwaa mkoba wake akatoka.

Alifika ofisi ya utumishi ya hospitali akiwa amejaa maneno mpaka kooni. Karani wa pale alikuwa mama mmoja mnene, mpole, mwenye kikombe cha chai kilichofunikwa na sahani, na upole wake ndio uliozidi kumwudhi Kitinda. Ukitaka kugombana na mtu halafu akakuvutia kiti, unabaki na ugomvi wako mkononi.

"Nataka kujua huyu daktari alimpima dada yangu lini," Kitinda alisema akiwa bado amesimama.

"Hakumpima," karani akajibu, kama anayetaja saa. "Wafanyakazi wako mia nne, daktari ni mmoja, na wagonjwa wenyewe wako nje wamejaa. Maombi ya kuhamishwa anayafanya kwa faili. Anafungua, anasoma, anaandika."

"Anasoma nini? Mgongo uko kwenye faili?"

"Mama, usinifokee, mimi si daktari. Njoo uone mwenyewe."

Karani akafungua faili. Juu kulikuwa na ombi, lililoandikwa kwa mkono wa dobi mwenzake Chuma. Chini yake majibu ya daktari. Chini yake ruhusa chache sana za ugonjwa, tatu kwa miaka kumi na moja. Na chini kabisa fomu ya kuajiriwa, imegeuka rangi, yenye sehemu iliyosema: ndugu wa karibu aeleze afya na mwili wa mwombaji. Hapo palikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza, mwandiko wa mviringo, y zake zina mikia mirefu iliyorembwa. *She is sturdy and fit for all duties.* Ni imara na anafaa kwa kazi zote: daktari alikuwa amenakili neno kwa neno.

Kitinda aliujua mwandiko ule. Ulikuwa wake.

Alikumbuka mpaka mahali alipokuwa amekaa. Jikoni kwa Chuma, Chuma akifuta sahani, yeye amekunja nne na kalamu mdomoni akichagua neno, maana alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa kwenye kamusi na maneno yalimlevya. "Strong" aliliona la kila mtu, neno la barabarani. "Tough" likamnukia jeuri, na nyama ngumu. "Robust" lilimfaa fahali, au kahawa. Ndipo akaliokota "sturdy", akaliona lina heshima, lina joto, neno la mtu unayeweza kumwegemea. Alilipenda. Alimsomea Chuma kwa sauti, akamwambia maana yake, na Chuma siku ile pia alitabasamu. Miaka kumi na moja neno lile lilikaa kwenye faili likifanya kazi yake kimyakimya, na ombi lilipokuja likaenda kugonga pale.

"Unamjua aliyeandika?" karani aliuliza.

"Mjinga mmoja," Kitinda alisema.

Alikata rufaa palepale. Karani akampa fomu nyingine, akamwambia kuna kikao cha watu watatu siku ya Alhamisi, na mfanyakazi aje mwenyewe pamoja na ndugu mmoja. Kitinda akatia sahihi. Njiani hasira yake haikujua pa kwenda. Ilimwendea daktari, ikamwendea kaka mwenye friji, ikamrudia yeye, ikaanza upya. Aliapa atamwambia dada yake habari za ile fomu kabla ya Alhamisi. Jumanne hakumwambia. Jumatano alikwenda mpaka kazini kwa Chuma kwa nia hiyohiyo, na alichokikuta huko kikamfunga mdomo.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya ardhi. Mashine tatu, mbili nzima, na ya kukamua ilikuwa imekufa tangu mwaka jana, imefunikwa turubai kama maiti. Kwa hiyo shuka zilitoka zinachuruzika maji. Zilivutwa kutoka mdomo wa mashine, ulio usawa wa kiuno, zikaingizwa kwenye beseni kubwa lenye masikio mawili lililowekwa juu ya stuli, na beseni lile likabebwa hivyohivyo kupanda ngazi sita hadi kwenye korido, ambako toroli ilisubiri kwa kuwa ngazi haikuzishuka. Wanawake walikuwa wanne. Mmoja alikuwa na cheti cha goti, mmoja cha presha, wa tatu alikuwa mjamzito wa miezi saba. Vyeti vyao vilikuwa halali na hakuna aliyedanganya. Beseni likijaa, mmoja wao aliita tu, bila kuinua kichwa.

"Chuma!"

Naye akaja. Akashika masikio mawili, akavuta pumzi, akainua. Kitinda, aliyesimama mlangoni, alimhesabia ngazi sita, akaona beseni likitua juu ya toroli, akamwona anarudi amenyooka kama ubao. Mara ya tatu toroli haikuwepo, wa wodini waliichukua. Chuma akasimama juu pale na mzigo wake, ameegemeza kiwiko ukutani, maji yanamtiririka mpaka ndani ya viatu.

"Si uweke chini?" Kitinda alimwambia.

"Chini siwezi."

"Hapo hapo miguuni, dada, weka."

"Nimekwambia chini siwezi," Chuma alisema kwa sauti ya kunong'ona, akiangalia nyuma wenzake wasisikie. "Kuinua naweza, kubeba naweza. Kuinama na kutua ndiko siwezi, nikiinama na mzigo nimekwisha. Siku moja kabla ya kulala sakafuni ilikuwa hivyohivyo, toroli haikuwepo, nikaona aibu kusimama kama sanamu, nikatua."

"Wenzako wanajua?"

"Niwaambie nini? Yule wa presha akibeba ataanguka, na yule ana mtoto tumboni."

"Na wewe je?"

Toroli ikarudi. Chuma akaliweka beseni juu yake, akajinyoosha. Kitinda, ambaye alikuja na maneno yake yote ya fomu mkononi, aliyameza akaondoka nayo.

Alhamisi asubuhi, wakingoja nje ya chumba cha kikao, alimfundisha kama mtoto wa mtihani. "Nisikilize. Wakikuletea kitu cha kubeba, usibebe. Umenisikia? Sema huwezi."

"Itakuwa uongo. Naweza."

"Dada! Kuweza kwako ndiko kunakokuua!"

"Usipige kelele, hospitali hii," Chuma alisema, akamtengeneza mdogo wake kola ya blauzi.

Ndani kulikuwa na metroni, mwanamke wa makamo mwenye saa iliyoning'inia kifuani, naye ndiye mwenyekiti. Kulikuwa na daktari wa wafanyakazi, kijana kuliko Kitinda alivyomdhania, macho mekundu kwa uchovu. Na kulikuwa na mkuu wa huduma, bwana wa tai. Katikati ya meza lilikaa beseni lenye shuka zilizolowa, limeletwa makusudi kutoka chini.

"Tunataka tu kuelewa," metroni alianza. "Mama, hiki ndicho unachobeba?"

Hiyo ndiyo sentensi yote. Hakuna aliyemwambia inua. Walilitazama beseni, kisha wakamtazama yeye, watu watatu kwa pamoja, na Chuma akafanya alichokifanya tangu ana miaka kumi na tano watu wakitazama mzigo kisha wakamtazama. Akasogea, akashika masikio, akainua.

Haki ya Mungu, Kitinda alitamani kumzaba kofi.

"Basi," alisema bwana wa tai, na kwa haraka ya mtu mwenye kikao kingine akavuta mafaili yao, akayatandaza mezani pale beseni lilipokuwa. "Nadhani tumeona."

Daktari akachukua kalamu.

"Umeona nini?" Kitinda alidakia. "Wewe hukumgusa dada yangu hata kidole, umeona nini? Uliandika neno usilolijua hata lilikotoka! Hilo neno, bwana mkubwa, ni la mtu aliyegongwa kichwani akabaki amesimama. Ni la kondoo mgonjwa. Walikuwa wakichapa watu kwa neno hilo, maskini za Mungu waliokuja kuomba, kwa kosa la kuonekana wazima!"

"Neno si langu," daktari alisema, naye sasa amekasirika. "Mimi nimelikuta. Limo kwenye fomu yake, limeandikwa na ndugu yake mwenyewe."

"Nililiandika mimi!" Kitinda alipaza sauti mpaka metroni akainua mkono. "Ndiyo, mimi! Miaka kumi na moja iliyopita, kwa majivuno, nikaona nimeandika kitu kizuri. Nilikosea. Na wewe kosa langu umelipiga muhuri!"

Chuma aligeuza kichwa akamtazama. Kichwa tu. Beseni bado lilikuwa mikononi.

Na hapo ndipo Kitinda alipoona. Meza ilikuwa imejaa mafaili. Chumbani hamkuwa na stuli wala toroli, na viti vyote vimekaliwa. Hapakuwa na pa kutua ila sakafuni. Aliona kitu kimoja zaidi, daktari kalamu yake iko kwenye karatasi na imeanza kutembea, na akajua kwamba akiinuka sasa kumpokea dada yake, mambo yatakwisha hapo. Wataandika, watakwenda kunywa chai, na Jumatatu Chuma atapanda ngazi sita.

"Msiandike bado," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na wote wakamsikia vizuri kuliko alipofoka. "Mmemwona anainua. Mwambieni sasa atue."

"Weka chini tu, mama," metroni alisema.

Chuma hakuweka. Maji yalidondoka kutoka kwenye kitako cha beseni, tone baada ya tone, yakafanya dimbwi miguuni pake. Mikono yake ilianza kutetemeka, kwanza kwenye vifundo, kisha mpaka mabegani. Macho yake aliyaelekeza kwa mdogo wake, na yalikuwa yanaomba jambo dogo kabisa. Nipokee.

"Mbona hatui?" daktari aliuliza.

"Subiri," Kitinda alisema. "Utaona."

Bwana wa tai, na hili lazima tumpe haki yake, alisukuma kiti nyuma akainuka ili amsaidie. Kitinda naye akainuka, akamzuia kwa mkono. "Asimshike mtu! Mlitaka kuona, oneni! Mwacheni!"

Dakika nzima ikapita kwenye ile saa ya kifuani kwa metroni, na ya pili ikaanza. Kitinda alisimama ameweka mkono wake kama kizuizi cha barabarani, machozi yanamtoka, na mkono hakuushusha. Chuma akafumba macho. Akainama. Ilitoka sauti kifuani mwake ambayo hakuna hata mmoja mle ndani aliyewahi kuisikia, wala mdogo wake, beseni likamponyoka, shuka zikamwagika mpaka chini ya meza, naye akaanguka juu ya shuka hizo na kubaki hapohapo, goti moja limekunjwa na uso kwenye maji.

Daktari alikuwa wa kwanza kufika sakafuni. Alimpima palepale, kwa mikono miwili, na alipomaliza uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi. Metroni aliandika mwenyewe na wote watatu wakatia sahihi. Chumba cha kukunja, kwa kudumu. Kabla ya hapo wiki mbili za kupumzika, na sindano leo hii hii. Bwana wa tai akaahidi mashine ya kukamua itatengenezwa, akasema kwa sauti ya chini, kama anayejiambia.

Sindano ilipoanza kufanya kazi walimtoa wakamkalisha kwenye benchi la korido, nguo imelowa upande mmoja. Kitinda akaja na karatasi. Ilikuwa ya Kiswahili safari hii, aliwalazimisha, lakini alimsomea hata hivyo, neno kwa neno, na sahihi zote tatu. Chuma akasikiliza mpaka mwisho akiangalia ukuta wa mbele yake.

"Tumeshinda, dada," Kitinda alisema.

Chuma akakamua upindo wa nguo yake.

"Ile fomu, nilitaka kukwambia tangu juzi. Nilikuja mpaka kule chini. Niliogopa."

"Ile fomu uliniandikia nipate kazi, nikapata," Chuma alisema. "Ile sina neno nayo."

"Basi niambie una hasira ya nini! Ningefanyaje? Wangekuandika tena, si uliiona kalamu yake! Bila vile wasingeamini!"

Akanyoosha mkono amwinue. Chuma akaurudisha mkono ule kwa mgongo wa kiganja, polepole, na kwa mara ya kwanza tangu mdogo wake azaliwe alimwonyesha sura iliyokasirika. Haikuwa na kelele yoyote.

"Wale watu siwajui," alisema. "Wangeniacha nianguke nisingewashangaa. Wewe nilikubeba kwa mgongo huu huu."

Akashika ukuta, akainuka mwenyewe, akaanza kuuambaa kuelekea mlangoni. Kitinda alimfuata hatua mbili nyuma na karatasi yake mkononi, na hakuthubutu kumshika.